Mgeni rasmi hatalipa kodi ya darasa letu

Machi 2025, baada ya swala ya isha, tulikaa watu saba kwenye baraza ya nyumba moja hapa Mji wa Kale tukiwa na barua moja mkononi. Ilitoka kwa mfadhili wa ng'ambo ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akilipia darasa la jioni la mtaa wetu. Ilikuwa barua ya adabu. Ilitushukuru, ikatutakia kheri, ikasema kuanzia mwezi unaofuata fedha hazitakuja tena.

Darasa lenyewe ni vyumba viwili vya kukodi. Watoto huja wakitoka shule, wengi wao kutoka nyumba ambazo mtoto hana meza wala pembe ya kusomea. Kodi ni shilingi 18,000 kwa mwezi. Walimu ni wawili, vijana wa papa hapa mtaani, ambao walikuwa wakipewa nauli na kitu kidogo cha mkononi. Mimi ni katibu wa kamati. Nilichaguliwa kwa kuwa nina diploma na mwandiko unaosomeka, basi.

Mzee mmoja aliisikiliza barua ile mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema: "Nguo ya kuazima haisitiri matako." Hakuna aliyecheka. Tulijua ni kweli, na tulijua pia kwamba miaka mitatu ile hatukuwahi kukaa hata siku moja kujiuliza tutafanya nini siku mwenye nguo akiitaka nguo yake.

Hatukuwa peke yetu. Tarehe 20 Januari mwaka huo, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufikia tarehe 1 Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa, na miradi michache iliyobaki ikahamishiwa wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo. Mfadhili wetu hakuwa USAID, lakini mto ukikauka juu, vijito vyote hupungua. Waliokuwa wakipata kutoka mlango mkubwa walianza kugonga milango midogo, na sisi wa milango midogo tukasukumwa nje.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali moja, na ndilo nataka tulitazame pamoja leo. Kwa nini sisi watu wa Pwani twachanga upesi hivi kwa arusi na maziko, na twachanga polepole hivi kwa jumuiya zinazotuhudumia kila siku?

Maana sisi si wachoyo, na asitwambie mtu hivyo. Mtu akifariki asubuhi, kufikia adhuhuri sanda ishapatikana, gari lishapatikana, na kahawa ya matanga inachemka, wala hakuna aliyeombwa mara mbili. Kijana akitaka kuoa, kundi la WhatsApp hufunguliwa leo na wiki tatu baadaye kuna ukumbi, pilau na ng'ombe. Msikiti ukivuja, fundi huonekana kabla ya Ijumaa ya pili.

Nikitazama, naona mambo matatu katika michango hiyo ambayo barua za kamati hazina. La kwanza, kuna marudio: niliyemchangia jana atanichangia kesho, na daftari lipo. La pili, kuna macho: naona sanda, naona pilau, naona bati jipya la msikiti. La tatu, kuna mkusanyiko. Watu huwa pamoja, husalimiana, hulia au hucheka, na mkono huingia mfukoni wakati moyo umeguswa. Mama ambaye hawezi kutoa shilingi 50 kwa barua ya katibu ndiye yule yule atakayenyanyuka mara tatu kwenye taarab kumtunza mwimbaji. Hajakosa pesa. Alikosa sababu iliyomgusa.

Sasa jumuiya nyingi, zikiishiwa, hukimbilia dawa moja tu: harambee. Nasi tulikimbilia huko.

Harambee ina heshima yake. Tangu uhuru mwaka 1963 neno hilo limejenga shule na zahanati nyingi nchini ambazo serikali haikuwa na uwezo wa kuzijenga. Lakini miaka ilivyokwenda, harambee ilihama kutoka kwa wanakijiji ikaenda kwa mgeni rasmi. Ikawa mizani ya kumpima mwanasiasa: katoa ngapi, kapiga picha na nani. Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, Rais William Ruto mwenyewe alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena michango ya hadhara, kwa sababu wananchi walikuwa wakiuliza mamilioni yale yatoka wapi. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye hema akisubiri mgeni rasmi aliyechelewa saa nne alilielewa swali hilo.

Yetu ilikuwa mwezi wa Mei. Mgeni wetu hakuwa mtu wa serikali, alikuwa mfanyabiashara mwenye marafiki wengi, na sitamtaja. Tulikodi hema, viti, spika na jenereta, tukapika. Ahadi zilizotangazwa kwa maikrofoni zilifika shilingi 240,000, na makofi yalikuwa mengi. Fedha zilizoingia mkononi siku ile zilikuwa 61,000. Gharama za shughuli zilikuwa 48,000. Zilizobaki, 13,000, hazikutosha kodi ya mwezi mmoja. Ahadi ni deni, lakini jaribu wewe kwenda kumdai mtu mkubwa deni alilojiwekea mwenyewe mbele ya watu. Tulipiga simu hadi tukaona haya.

Mwezi uliofuata mmoja wa walimu wetu wawili alituaga. Amepata kazi ya ulinzi Qatar. Hatukuwa na la kumwambia. Alikuwa amefundisha miezi mitatu bila hata nauli, na ana mama na wadogo zake.

Ni yeye aliyenifanya nione kosa letu lilipokuwa. Harambee ilitupa siku moja kubwa, na darasa linahitaji siku ndogo nyingi. Kodi haiji mara moja kwa mwaka ikiwa imevaa suti. Huja kila tarehe mosi. Mgeni rasmi ni mgeni, ataondoka, na hana kosa katika hilo. Jumuiya yataka mtu atakayerudi mwezi ujao.

Nikaanza kuuliza wazee na kusoma, na nikaona kwamba jambo hili halikuwa geni kwetu. Sisi ndio tuliolisahau. Mwanahistoria Margaret Strobel aliandika kitabu kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, kilichotoka mwaka 1979. Ameeleza humo vyama vya lelemama vya bibi zetu: vilikuwa na vyeo, vilikuwa na michango ya wanachama, na vilishindana kwa ngoma, kwa mavazi na kwa karamu. Mtu wa nje angesema ni mchezo tu. Lakini ndani ya mchezo ule wanawake walijifunza kukusanya fedha, kuzitunza na kuendesha chama. Na katika miaka ya 1950 mazoea hayo yalisaidia kuzaa jumuiya za wanawake wa Mombasa zilizojishughulisha na elimu na maendeleo. Hawakuwa wakingojea barua kutoka ng'ambo.

Tazama na Lamu. Maulidi yanayosomwa Msikiti wa Riyadha, uliotokana na kazi ya Habib Swaleh, huleta wageni kutoka Pwani nzima na nchi jirani. Wenyeji huwapokea majumbani mwao. Kandoni mwa kisomo kuna mashindano ya punda, ya majahazi, ya bao. Ibada, ukarimu na burudani hukaa mji mmoja bila kugombana, na kila mtu hutoa alicho nacho: huyu chumba, huyu sahani ya wali, huyu mashua yake.

Kwa hiyo Julai tulijaribu kitu kidogo. Jamaa mmoja mwenye nyumba yenye ua mkubwa alitupa ua wake Alhamisi moja kwa mwezi. Kijana anayeghani mashairi alikubali kuja, na kikundi cha kasida cha madrasa kikakubali. Kina mama walileta mahamri, mbaazi, viazi vya karai na kaimati, wakauza wenyewe, wakatutolea nusu ya faida. Kiingilio kilikuwa shilingi 100, na watoto bure. Hatukualika mgeni rasmi. Tulimweka mbele mtoto wa darasa la sita akasoma insha yake mwenyewe kuhusu kivuko cha Likoni, watu wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Usiku ule tulibakiwa na shilingi 9,000 baada ya gharama. Si nyingi. Lakini pale mlangoni tuliweka daftari na nambari ya Paybill ya kikundi, tukawaomba watu jambo moja: shilingi 200 kila mwezi, si zaidi. Walijiandika watu 74.

Nisiwapambie. Mwezi wa pili walilipa 61. Mwezi wa tatu 52. Nilianza kusikia harufu ya harambee tena. Ndipo mweka hazina wetu, mama mmoja anayeuza vitambaa na asiyependa maneno mengi, alipobandika karatasi kwenye mlango wa darasa: fedha zilizoingia, kodi iliyolipwa, umeme, chaki, na zilizobaki, mpaka shilingi ya mwisho. Picha ya karatasi hiyo ikatumwa kwenye kundi la mtaa. Hatukumtaja aliyekosa kulipa. Mwezi wa nne walilipa watu 66, na wanne kati yao hawakuwa hata kwenye daftari la mwanzo. Walipita mlangoni, wakasoma.

Watu 66 kwa shilingi 200 ni 13,200. Alhamisi ya mwezi huleta kati ya 6,000 na 8,000. Jumla yake hulipa kodi na hubakisha nauli ya mwalimu mmoja. Yule wa pili hatujaweza kumrudisha. Hivyo ndivyo tulivyo leo, na sitasema tumefaulu. Nasema tu kwamba mlango uko wazi, na hakuna barua ya mtu mmoja inayoweza kuufunga.

Kuna mambo matatu ambayo yeyote atakayejaribu njia hii atakutana nayo, na ni bora tuyaseme.

La kwanza ni la dini. Baadhi ya wazee wetu waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: kwani kheri yatafutwa kwa ngoma? Tulikaa nao. Tukakubaliana kasida, mashairi na kisomo, wanaume na wanawake wakae mbali mbali, na kina mama wawe na usiku wao wenyewe wanapotaka. Mtaa mwingine utakubaliana vingine, na mwingine utachagua kuuza vyakula na kusomeana vitabu tu. Muhimu ni kuulizana kabla ya kuandika tangazo, si baada. Vile vile tusichanganye mafungu. Zaka ina wenyewe, na masharti yake yanajulikana kwa wanavyuoni. Kodi ya ukumbi na spika itoke kwenye sadaka na kiingilio. Na mwenye uwezo wa zaidi akumbuke kwamba wazee wetu walitoa nyumba na mashamba kuwa waqfu, ili kheri ijilipie yenyewe baada yao.

La pili ni la wasanii. Tuna tabia ya kumwita msanii na kumwambia "hii ni ya jamii, njoo utusaidie", kisha tunamlipa mwenye hema na mwenye jenereta. Msanii naye ana tumbo. Sisi humpa kijana wetu wa mashairi shilingi 1,000 kila akija. Ni kidogo, na yeye ajua ni kidogo, lakini hupewa kwanza kabla ya hesabu nyingine. Ndiyo sababu hurudi.

La tatu ni uaminifu, na hapo ndipo jumuiya nyingi zilipofia. Fedha za watu zikipita kwenye nambari ya simu ya mwenyekiti, hata mwenyekiti akiwa malaika, maneno yatasemwa. Kikundi kisajiliwe. Kwa vikundi vidogo vya mtaani kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na usajili hufanywa kupitia ofisi za maendeleo ya jamii. Kwa mashirika makubwa kuna Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013 na kukaa kabatini zaidi ya miaka kumi, mpaka ilipoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Inadai hesabu na ripoti, na ni vyema. Ukitaka kuchangisha hadharani kwa upana, ulizia pia leseni. Kisha fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na Paybill kwa jina la kikundi. Na bandikeni karatasi mlangoni. Karatasi yetu haijawahi kutugharimu zaidi ya shilingi 10.

Nije kwenye kumbi. Sisi tulibahatika kupata ua wa mtu, lakini si kila mtaa una ua. Pwani ina mahali pa sanaa pazuri kuliko tunavyojisifia. Mombasa kuna Swahilipot Hub karibu na Fort Jesus, ambapo vijana wa kompyuta na vijana wa maigizo hukaa paa moja. Kuna Little Theatre Club ambayo imelea waigizaji wa vizazi kadhaa. Kuna ukumbi wa Tononoka. Kuna bustani ya Mama Ngina, iliyofunguliwa upya mwaka 2019 ikiwa na ukumbi wa wazi unaotazama bahari. Lamu kuna ngome na uwanja wake, ambapo mji mzima hupita jioni.

Wenye kumbi, za watu binafsi na za umma, wanaweza kufanya jambo lisilowagharimu sana: kutenga usiku mmoja kwa mwezi, tuseme Jumanne, siku ambayo viti havina mtu, wakaupa jumuiya ya mtaa. Mwenye ukumbi auze chai na soda zake. Msanii alipwe kiasi kilichokubaliwa. Jumuiya ichukue kiingilio. Kila mmoja apate, na ukumbi uzoeleke. Ukumbi unaoingiwa na watu wa mtaa kila mwezi hautaachwa na mtaa siku utakapokuwa na shida zake, kwa sababu kumbi za sanaa nazo zinahangaika vile vile. Na madiwani wetu, badala ya kutafuta njia ya kurudi kwenye harambee kwa mlango wa nyuma, wangeweza kuweka bei ya kikundi kilichosajiliwa katika kumbi za kaunti, bei inayojulikana na kubandikwa ukutani, asihitaji mtu kumjua mtu.

Sasa, ndugu msomaji, nisije nikaeleweka vibaya. Mchango wa mtaa una kimo chake. Unaweza kubeba kodi ya vyumba viwili, nauli ya mwalimu, mashine ya kushona ya kikundi cha wajane, jezi na mipira ya timu. Hauwezi kubeba hospitali. Vijana wetu walionaswa na heroini, kuanzia Malindi mpaka Mombasa, wamekuwa wakipata methadone kupitia kliniki zilizotegemea sana fedha za nje, na dozi ile ni ya kila siku, haina likizo. Dawa za virusi vya ukimwi ni hivyo hivyo. Hayo hayalipwi kwa mahamri. Hayo ni ya serikali kuu na ya kaunti, ambazo twazilipa kodi na ushuru, na afya ni kazi iliyogatuliwa tangu mwaka 2013. Atakayewaambia mchange ili kuziba pengo hilo anawaomba mlipe mara mbili.

Lakini hapo pia mtaa uliozoea kukusanyika una faida. Kikundi chenye wanachama 66 wanaolipa kila mwezi na hesabu iliyobandikwa mlangoni kina sauti ya namna nyingine kinapokwenda kwenye kikao cha bajeti ya kaunti. Hakiendi kuomba. Kinakwenda kuuliza: sisi zetu hizi hapa, zenu ziko wapi?

Tumefunzwa tangu chuoni kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ndogo. Tumeyasikia hayo kwenye hotuba mara nyingi, kisha tukatoka msikitini kwenda kusubiri mtu mmoja mkubwa aje na amali moja kubwa.

Jumuiya iliyo karibu nawe waijua. Pengine ni darasa, pengine ni kikundi cha walemavu, pengine ni maktaba yenye vitabu vya zamani au timu ya wasichana isiyo na viatu. Usiulize wanahitaji milioni ngapi. Uliza kodi yao ni kiasi gani na hulipwa tarehe ngapi. Kisha utafute watu wengine kumi na ua mmoja.

Yetu ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi, baada ya isha. Kiingilio bado ni 100, na yule mtoto wa insha ya kivuko anasema ameandika nyingine.